Bunduki ya Mngoni

Mtani wangu alinipigia simu asubuhi ya pili baada ya mwanawe kuuawa, akaniambia nikija msibani nisije na uso wa kanisani. "Watu wa sala ninao wengi," alisema. "Wewe njoo ufanye kazi yako." Akakata simu. Nilibaki jikoni nimeshika mkono wa simu, sare ya kazini nimeivaa nusu, nikijua kwamba Toronto nzima hakuna mwingine wa kumfanyia kazi hiyo. Nilijua pia kwamba kwa watu wengine wote mimi ndiye wa mwisho kutakiwa kuonekana pale mlangoni. Kijana alikuwa amepigwa risasi, na miongoni mwa watu wetu mimi ndiye niliyejulikana kama yule mama anayetetea bunduki.

Yeye alikuwa Mhehe na mimi ni Mngoni. Kwa aliyekulia Tanzania maelezo yangeishia hapo. Kwa wengine ni kwamba babu zetu walipigana vita mpaka wakachokana, na walipochokana wakawa watani. Mtani unamtukana naye hakasiriki. Akikuta kitu nyumbani kwako akakipenda, anakichukua, wala huna haki ya kukidai. Unangoja siku yako nawe ukachukue cha kwake. Anayenuna ameshindwa. Na mmoja akifiwa, mwenzake ndiye anayekuja kuchekesha pale pale wengine wanapolia. Anaiga mwendo wa marehemu, anawadhihaki wafiwa, anazuia jeneza lisipite. Nyumbani niliwahi kumwona mtani mmoja akijilaza ndani ya kaburi lililokwisha kuchimbwa, akagoma kutoka mpaka aletewe pombe. Wafiwa walicheka huku kamasi zinawatoka. Sijui dawa nyingine ya msiba inayofanya kazi haraka namna hiyo.

Toronto hapakuwa na utani. Kanisa letu la North York lilijaa watu wa Burundi na wa mashariki ya Zaire, na Wakenya wachache, watu wema waliokwisha kuona mengi na waliozungumza kwa upole. Mhehe nilimkuta hapo, kwenye chai ya baada ya ibada, miaka ya tisini ikianza. Aliposikia natoka Songea alinipokonya kikombe changu, akanywa chai yote, akanirudishia kikombe kitupu. "Mtumwa wangu," alisema, "ulikuwa wapi siku zote?" Nilitaka kulia kwa furaha. Nilikuwa nimekaa miaka katika nchi ile sijatukanwa na mtu anayenipenda.

Alikuwa akiendesha foklifti kwenye ghala moja kule Downsview. Mimi nilikuwa naogesha na kulisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Mkewe alikuwa mtu wa Bukavu, walioana Kigoma, mwanamke mtaratibu asiyependa kelele. Mara ya kwanza nilipokwenda kwao nilikunywa chai, nikaaga, nikabeba kiti kimoja cha mezani na kuingia nacho kwenye lifti. Alinifuata mbio mpaka mlangoni, akadhani nimepandwa na wazimu. Mumewe alimwita kutoka sebuleni, akicheka mpaka anakohoa, "Mwache huyo, ni mtani, amechukua chake." Wiki iliyofuata alikuja kwangu akaondoka na redio.

Sasa bunduki. Ilikuwa moja tu, ya kuwindia, ndefu, na niliipata kwa kufuata sheria zote. Mwenzangu mmoja kazini, mama wa Kizungu aliyekuwa mpishi, kwao walikuwa na shamba kaskazini, mwendo wa saa kadhaa kwa gari, na kila mwaka majani yakishapukutika ukoo wao mzima uliwinda kulungu. Kulungu wa Kanada ni mkubwa, unaweza kumdhania ndama. Nilimwambia kwamba nimekua na gobore nyumbani na najua kukaa kimya porini. Akanialika. Nilipenda sana. Nilisoma mafunzo, nikapata kibali, nikanunua, nikaifungia katika sanduku la chuma ndani ya kabati, nyuma ya makoti ya baridi. Sijawahi kumpata kulungu hata mmoja. Wao walinigawia nyama kwa huruma, nami nilimgawia Mhehe.

Ingeishia hapo kama serikali isingeleta sheria mpya ya kuandikisha kila bunduki. Redio haikuzungumza kingine. Wazungu wa mashambani walikasirika, wa mjini walifurahi, na Jumapili moja kwenye chai mtu akauliza hivi kuna Mwafrika gani anaweza kuunga mkono watu kuwa na bunduki. Nikasema mimi. Nikasema mkulima aachwe na bunduki yake, asifanywe mhalifu kwa sababu ya wahalifu. Sikuwa nimejiandaa kwa mjadala, ila mimi nikishasema neno sirudi nyuma, hilo hata mama yangu alilia nalo.

Baada ya hapo kila Jumapili nilikuwa na kesi. Baba mmoja wa Burundi, mtu ninayemheshimu, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, sisi tulikimbia bunduki, wewe unaifuata?" Nikamjibu, "Nyinyi mlikimbia watu. Watu wale wangeshika mwiko wa ugali mngekimbia vilevile." Alicheka, akatikisa kichwa, akaenda zake. Mama mwingine alitaka kujua mwanamke asiye na mume anafanya nini na silaha ndani. Nikamwambia ni ya kuzuia wanaume wasiingie. "Hajaingia hata mmoja," nikasema. "Ona inavyofanya kazi." Hapo meza nzima ilicheka, na nikajua kwamba nimepata njia. Mtu anayecheka hawezi kuendelea kukuhubiria. Itabidi kwanza ameze mandazi.

Kwa kweli jibu nilikuwa nalo, na halikuwa la kuchekesha. Nilipokuwa mdogo gobore la baba lilichukuliwa na maofisa kwa sababu kibali chake kilikuwa kimekwisha muda. Mahindi yalikuwa yamebeba. Tulilala shambani juu ya dungu, tukapiga madebe, tukawasha moto, na nguruwe pori walikuja wakala huku wakitusikiliza. Walimaliza shamba lote. Mwaka ule tulikula mizizi na maganda, na mdogo wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa, hakuuvuka. Baba alimzika kwenye ukingo wa shamba lile lile. Sasa jambo kama hilo unalisemaje kwenye chai, mbele ya watu waliozika familia nzima nzima? Wangenionea huruma, au wangepima msiba wangu na wa kwao, na vyote viwili nilivichukia. Ndiyo maana niliwapa mzaha.

Mhehe alilijua jibu hilo. Nilimwambia siku moja tukiwa kwenye basi, naye akanipa nusu ya chapati yake. Lakini hadharani hakunihurumia hata kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Yeye ndiye aliyekuwa mpinzani wangu mkubwa kuliko wote, tena kwa dhati, maana alichukia bunduki kwelikweli.

"Serikali iandikishe zote," alisema mbele ya watu, "lakini ya Mngoni iandikwe kwenye vyombo vya muziki. Inapiga kelele tu."

"Babu zako waliwanyang'anya Wajerumani bunduki," nilimwambia. "Mjukuu wao anaogopa moja iliyofungiwa kabatini."

"Babu zangu waliwakimbiza babu zako kwa mkuki na mbwa. Bunduki ilikuwa ya nini?"

"Mbwa wenyewe mliwala njiani."

Watu walivunjika mbavu. Kisha, kicheko kikipungua, yeye alikuwa na kawaida ya kuegemea mbele na kusema lile neno lake la kweli. "Bunduki zote ni ndugu, Mngoni. Zimetoka tumbo moja. Hiyo yako kabatini na hizo wanazobeba hawa vijana viunoni ni ndugu." Nami nilikuwa na langu. Yangu ni ya shamba, zile ni bastola za wahuni, na hazijuani hata kwa salamu. Tulirudia hivyo mara nyingi hata watoto walijua nani anafuata kusema nini.

Mkewe hakucheka. Mara moja tu alinikamata nikiwa naosha vikombe, akaniambia, "Mama, mu ile mambo haiko kitu ya kucheka. Kwetu waliingiaka mu nyumba na ile kitu." Nilimwambia pole. Akasema, "Aksanti," akachukua kitambaa akaanza kukausha vikombe pamoja nami, na hatukulisema tena.

Kijana wao alikuwa mrefu, mpole, mvivu wa kuongea. Kiswahili alikielewa chote na alijibu kwa Kiingereza tu, isipokuwa neno moja, Shangazi, ambalo alinipa mimi. Alivaa viatu vikubwa vya michezo asivyofunga kamba, akavikokota, na ukimsikia ukumbini unadhani kuna mtu anasukuma kabati. Swali lake lilikuwa moja kila anapoingia mlangoni: kuna chakula gani. Baba yake alimwiga vizuri sana, nami nikamwiga kuliko baba yake, na yeye mwenyewe aliinamisha kichwa akitabasamu.

Jioni ile baba yake alikuwa anajiandaa kwenda zamu. Baridi ilikuwa kali, na akamtuma kijana ashuke kwenye maegesho nyuma ya jengo akawashe gari lipate joto. Kulikuwa na ugomvi wa watu wengine pale, wa vijana wasiomhusu. Alikutwa amelala kando ya mlango wa gari, injini inanguruma. Baba yake alishuka na koti na chakula chake cha kazini, akakuta gari lina joto tayari.

Nilifika msibani mchana. Walikuwa wametoa meza na viti sebuleni na kutandika magodoro, wanawake chini, wanaume wamesimama mpaka kwenye korido ya ghorofa, na majirani Wazungu wanapita katikati yao wakiomba radhi. Nilipotoka kwenye lifti mazungumzo yalikatika. Yule baba wa Burundi alinijia, akaniambia kwa adabu kwamba labda leo nisikae sana, labda nirudi siku nyingine, mama mfiwa ana hali mbaya. Hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana. Nilisimama pale na sufuria langu la maharage, nikafikiri kugeuka nalo na kurudi nyumbani, na wote wangeniona nina heshima.

Viatu vya michezo vya kijana vilikuwa mlangoni, alipoviacha jioni ile akavaa buti za baridi, kati ya viatu vya waombolezaji. Nikaweka sufuria sakafuni. Nikavua vyangu, nikavaa vile, kamba hazikufungwa, nikaingia sebuleni nikivikokota. Sauti ile ile. Nilikwenda hivyo mpaka katikati ya magodoro, nikasimama mbele ya Mhehe aliyekuwa amekaa ukutani na blanketi mabegani, nikamuuliza kwa Kiingereza cha mwanawe kile cha kuvuta, kuna chakula gani.

Mwanamke mmoja alipiga yowe. Wanaume wawili walinishika mikono kunitoa, na yule baba wa Burundi alikuwa anasema, "Dada, dada, tafadhali." Mhehe akainua mkono.

"Mwacheni," alisema. "Huyo ni wangu."

Wakaniachia. Alinitazama toka viatuni mpaka usoni. Macho yalikuwa mekundu na mdomo umekauka.

"Mngoni," alisema. "Bunduki yako umeiacha wapi?"

Hapo angeweza kuwa ananitania au ananiua, na nadhani yeye mwenyewe hakujua.

"Nimeiacha nyumbani," nikasema. "Imeona aibu kuja. Aliyefanya haya ni ndugu yake."

Kilichomtoka kwanza kilikuwa kicheko. Nilikisikia wazi, kicheko chake kile kinachoishia kwenye kikohozi, na alipiga paja kwa kiganja kama tulivyozoea. Kisha kikageuka kilio cha sauti, cha kwanza tangu jioni ile, maana alikuwa hajalia. Mkewe aliniambia baadaye kwamba walikuwa wameogopa. Nilikaa chini mbele yake na viatu vile miguuni. Nilimwambia kwamba Wahehe hawajui kulia, wanabweka, na alilia zaidi akicheka ndani yake. Wale watu wa kanisani walitutazama wasijue wapi pa kuweka macho. Mimi nilikuwa nimefanya kazi yangu, na nilijua nimeifanya vizuri. Nilijua pia kwamba lile neno la ndugu sikulipanga; lilikuja lenyewe, na baada ya miaka yote ile ya kubishana nilikuwa nimempa ushindi wake pale msibani.

Tukazika. Ardhi ilikuwa imeganda na kaburi lilichimbwa na mashine, nasi tukasimama juu ya zulia la kijani wakati mashine nyingine inateremsha jeneza, na hapakuwa na mahali pa mtani kulala.

Theluji ilikuwa inayeyuka alipokuja kwangu, Jumamosi adhuhuri, peke yake. Nilifurahi kumwona. Nilidhani ametoka nje ya huzuni kidogo, na nikaficha blenda kwa mzaha ili asiichukue. Hakucheka. Alikaa kwenye kochi bila kuvua koti, akakataa chai. Mtu aliyekuwa akininyang'anya kikombe mdomoni alikataa chai.

"Nimekuja kuchukua," alisema.

"Chukua jiko. Limeharibika."

"Nataka bunduki."

Nilicheka, kwa mazoea, kisha nikamwona usoni nikaacha. Akaniambia taratibu, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda mahali. Polisi walisema hawana shahidi. Yeye alimjua aliyepiga. Jengo zima lilimjua na hakuna aliyetaka kusema. Alikuwa kijana wa mtaa wa pili, na kila siku mchana alikuwa anakula viazi vya kukaanga katika mgahawa wa kona, dirishani, ameketi na miguu juu ya kiti cha mbele. Mhehe alikuwa amempita mara nyingi. Alijua kofia yake na alijua anavyotafuna.

"Mhehe," nikasema, "hiyo bunduki ulisema ni chombo cha muziki. Utamwimbia?"

Aling'oa uzi kwenye mkono wa koti lake.

"Kulungu wa Kanada wote ni mashahidi wangu. Haimpigi mtu yeyote."

"Ulisema ni ndugu yake," alinijibu. "Ulisema mbele ya watu. Basi nipe huyo ndugu aende akamwone mwenzake."

Nilijaribu tena. Niliwataja babu zake, nikawataja mbwa, nikataja mkuki. Nilikuwa natupa mizaha na kila mmoja ulianguka sakafuni kati yetu. Kwa miaka yote nilikuwa nimewajibu watu kwa kuwachekesha, na sasa mtu mmoja tu niliyetaka acheke kuliko wote alikuwa amekaa na koti lake akingoja nimalize. Nilipomaliza akasema, "Uliwaambia kanisani kila mtu mwenye akili timamu ana haki. Mimi si mtu? Au haki ni ya Wangoni na nguruwe?"

Hilo halikuwa utani, na lilikuwa kweli nimesema. Nami nililiamini, na bado naliamini. Wanaongoja nitubu wataningoja. Ila mtu mwenye akili timamu kuliko wote niliowajua Kanada alikuwa kwenye kochi langu, anazungumza kwa utulivu, na alikuwa anataka kwenda kuua mtoto wa mtu anayekula viazi. Niliogopa. Kichwani nilimwona amelala kando ya mgahawa ule, au amefungwa pingu, na mkewe wa Bukavu tena mlangoni, polisi tena wameleta habari.

"Sikupi," nikasema.

"Mtani hanyimwi." Alisema kwa upole, kama ananikumbusha kitu nilichosahau. Akanyosha mkono kuelekea mkoba wangu uliokuwa juu ya meza. Alijua ndimo ninamoweka ufunguo, maana aliwahi kunitania kuhusu hilo.

Na sheria ilikuwa upande wake. Sheria yetu sisi wawili, ambayo hatukuwa na mwingine wa kuishika naye mjini mle. Nilikuwa nimebeba kiti chake mbele ya mkewe na akacheka. Alichukua redio na mablanketi na sufuria za maharage yangu, nilichukua kofia yake ya masikio na taa ya kitandani, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusema hapana. Nikisema hapana, nilikuwa nakata kitu ambacho hakikuwa cha kwangu peke yangu. Babu zetu walikuwa wamekifunga.

Niliuchukua mkoba kabla hajaufikia, nikaukumbatia kifuani.

"Basi mimi si mtani wako," nikasema. "Kuanzia leo. Mimi ni mtu tu unayesali naye. Na mtu unayesali naye hana ruhusa ya kugusa mkoba wangu. Toka nyumbani kwangu."

Nilifikiri atanipiga, na ningefurahi. Alisimama, akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni, akasema, "Samahani kwa usumbufu, dada." Kisha akaufungua mlango na kuufunga nyuma yake polepole, kama watu wanavyofunga mlango wa nyumba yenye mgonjwa.

Nilimpigia mkewe simu. Nilimwambia mumewe ametoka kwangu na asiachwe peke yake, na nikamwambia alikuja kutaka nini.

"Umemupa?" aliuliza.

"Sikumpa."

"Aksanti, Mama," alisema, na nikamsikia anaanza kuvaa viatu.

Alimfuata. Alimkuta amekaa kwenye kituo cha basi mbele ya ule mgahawa, mikono mitupu, akaketi kando yake mpaka walipoganda wote wawili, wakarudi nyumbani. Kabla ya kiangazi kuisha walihamia Mississauga, mbali na jengo lile na maegesho yake. Bunduki niliipeleka kwa yule mpishi shambani kwao kwa muda, halafu nikaichukua tena, kwa sababu ni yangu.

Nilimwona Mhehe tena miaka miwili au mitatu baadaye, kwenye ukumbi wa arusi kule kule Mississauga. Nywele zilikuwa nyeupe. Nilikuwa nimefika nimechelewa, nimesimama na sahani ya pilau natafuta pa kukaa, na mama mmoja mchangamfu wa meza yao akanitambua. "Huyu si yule wa bunduki?" alisema kwa sauti. "Mama, bado unazo?" Watu waligeuka. Palikuwa ni mahali pa Mhehe hasa, mahali pa chombo cha muziki, pa mkuki na mbwa. Nilisimama na sahani yangu nikamtazama, nikamngoja. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, nililihifadhi miaka yote ile, na nisingejali hata kama angenitukana mama yangu.

Mhehe aliinuka. Alikifuta kiti chake kwa leso, akakigeuza kunielekea.

"Shikamoo, dada," alisema, ingawa ananizidi umri. "Karibu ukae."

Nikamshukuru, nikakaa.